Mchele Unaonata

Mchele unaonata ni aina ya mpunga ambayo punje zake zikiiva hushikana zenyewe, mpishi awe hodari namna gani. Katika majiko mengi ya Afrika Mashariki hiyo ni kasoro. Wali mzuri ni ule uliochambuka. Uliogandamana huitwa bokoboko, na mwenye nyumba akimwandalia mgeni wali wa namna hiyo hana budi kuomba radhi. Laos, kaskazini mwa Thailand na katika nyanda za Isan, hesabu ni nyingine. Huko wali wa kila siku ni ule unaofinyangika tonge kama ugali, na ule wa kuchambuka ni wa wageni, wa mikahawa, au wa kuliwa kwa kijiko.

Mchele wenyewe hutambulika kabla haujafika jikoni. Punje ya mchele wa kawaida, ikiinuliwa kwenye mwanga, inapitisha nuru kidogo kama kioo chenye ukungu. Punje ya mchele unaonata haipitishi nuru. Ni nyeupe ya kufifia kama chaki, kwa kuwa inapokauka shambani hubaki na vitundu vya hewa visivyoonekana kwa macho ndani ya wanga wake. Ipo ya punje ndefu, inayopendwa Thailand na Laos, na ipo ya punje fupi za mviringo, inayotumika Japani na Korea. Ipo pia nyeusi, ambayo weusi wake uko kwenye ganda la nje, na ikipikwa hugeuka zambarau iliyokolea.

Hapa kuna makosa mawili ya kuondoa. La kwanza ni la jina: Kiingereza na Kilatini huuita mchele huu kwa neno linalofanana na glutini, ile protini ya ngano, na watu wanaokatazwa ngano na daktari huuogopa bure. Hauna glutini hata chembe. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini la gundi. La pili ni la sushi. Mchele wa sushi hushikana kiasi, lakini ni mchele wa kawaida wa Kijapani wa punje fupi. Wajapani wenyewe hawachanganyi: ule wa mlo huitwa uruchimai na unaonata huitwa mochigome. Mpishi anayeweka mmoja mahali pa mwingine hapati alichokusudia.

Siri ya kunata imo ndani ya wanga. Wanga wa mchele umejengwa na vitu viwili. Kimoja ni amilosi, ambayo ni minyororo mirefu ya sukari isiyo na matawi mengi. Cha pili ni amilopektini, yenye matawi juu ya matawi kama mwembe. Katika mchele wa kawaida amilosi huwa kati ya asilimia 10 na 30 ya wanga wote, na kadiri inavyozidi ndivyo wali unavyochambuka. Mchele unaonata una amilosi asilimia 2 au pungufu, na aina nyingine hazina kabisa. Punje zikipata joto na maji, amilosi ndiyo inayozizuia zisivimbe kupita kiasi na kupasuka, kisha wali ukipoa ndiyo inayoukaza. Isipokuwapo, punje huvimba, hulainika, na matawi ya amilopektini ya punje moja hushikana na ya jirani yake. Matone machache ya ayodini yanaonyesha tofauti hiyo papo hapo: wanga wa mchele wa kawaida hugeuka rangi ya buluu inayoelekea weusi, na wa mchele unaonata hugeuka kahawia nyekundu.

Kinachoondoa amilosi ni hitilafu katika jeni moja. Mmea wa mpunga una jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuunganisha amilosi, na katika mpunga unaonata jeni hiyo imevunjika. Mwaka 1977 Thailand ilitoa kwa wakulima mbegu iitwayo RD6, iliyopatikana kwa kupiga mionzi ya gama kwenye mbegu za Khao Dawk Mali 105, mpunga wa jasmini ambao haunati. Badiliko moja lilitosha: harufu ya jasmini ikabaki, wali ukaanza kunata, na RD6 ikaenea kote Isan.

Hitilafu ya namna hiyo huweza kutokea yenyewe katika shamba lolote duniani. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu moja tu ya dunia iliipenda na kuitunza. Kenneth Olsen na Michael Purugganan, waliochunguza jeni hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, walielekeza chanzo chake Kusini-Mashariki mwa Asia, na wakaona dalili kwamba badiliko hilo lilitokea mara moja kisha likasambazwa na watu. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mkulima aliyeokota suke la punje nyeupe na kulipanda kando aliweza kuliendeleza miaka na miaka. Wala upendeleo huo haukuishia kwenye mpunga. Katika ukanda uleule watu walichagua mtama wenye tabia hiyohiyo, na mahindi, ambayo yalifika Asia kutoka Amerika baada ya safari za Columbus, nayo yakachaguliwa vivyo hivyo. Mahindi yanayonata yalijulikana Marekani mwaka 1908, baada ya mmisionari aliyekuwa Shanghai kutuma mbegu. Zao lenyewe lilitoka Amerika, lakini waliolifanya linate ni wakulima wa Asia.

Laos ndiyo nchi inayokula mchele huu kuliko zote kwa hesabu ya kila mtu. Kati ya mwaka 1995 na 2000 wataalamu wa nchi hiyo, wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga yenye makao Los Baños, Ufilipino, walipita vijijini na kukusanya zaidi ya sampuli 13,000 za mpunga. Takriban asilimia 85 zilikuwa za mpunga unaonata. Walao wengi hujiita wana wa khao niao, jina la mchele huo kwa lugha yao, na hulitamka kwa fahari ileile ambayo Mtanzania wa Kyela huutaja mchele wa kwao.

Upishi wake huanza usiku. Mchele huoshwa, huloweshwa, na huachwa hadi alfajiri. Mwenye haraka huuacha saa nne, chini ya hapo kiini cha punje hubaki kigumu. Kisha hauchemshwi. Ukitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, punje zisizo na amilosi ya kuzizuia hunywa maji mpaka zikawa uji. Mchele huu huiva kwa mvuke, na maji uliyokunywa usiku ndiyo yanayoutosha. Chombo chake ni kikapu cha mianzi kiitwacho huat, chenye umbo la pia, kama kawa la ukili lililopinduliwa. Hukaa juu ya chungu chenye shingo nyembamba, siku hizi mara nyingi cha aluminiamu, na maji yakichemka mvuke hupenya katika matundu ya ususi. Baada ya robo saa hivi mpishi hukirusha kikapu kwa mkono ili bonge zima lipinduke, la juu liende chini. Dakika nyingine kumi, wali umeiva.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wageni. Wali hutandazwa juu ya ubao au sinia ya mianzi na kugeuzwageuzwa kwa mwiko ili mvuke utoke. Ukiachwa umefunikwa ungali moto, mvuke hugeuka maji na wali huwa tope. Ukishatulia huwekwa ndani ya tip khao, kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko na kamba ya kubebea. Ususi wake unapumua kiasi cha kutolea unyevu uliozidi, lakini haupumui kiasi cha kuukausha wali. Kwa kuwa amilosi ndiyo inayoukaza wali upesi unapopoa, na hapa haipo, wali wa alfajiri huweza kuliwa laini adhuhuri shambani. Mkulima huondoka na kikapu begani, na chakula cha mchana hakihitaji sahani wala kijiko.

Ulaji wake unaeleweka mara moja kwa mlaji wa ugali. Mtu huchota kidogo kwa vidole, hukanda tonge dogo, hulibonyeza, kisha huchovya au huchotea mboga. Lililokandwa vizuri haliachi kitu vidoleni. Anayebaki na wanga mkononi huonekana bado hajajua kula. Mboga zake hupikwa kwa kulifuata tonge hilo, na ndiyo maana nyingi ni kavu au nzito na zina ladha kali. Laap ni nyama au samaki aliyekatwakatwa na kuchanganywa na ndimu, pilipili, mnanaa na unga wa mchele uliokaangwa bila mafuta. Tam mak hung ni papai bichi lililochanwa nyuzi na kutwangwa kinuni pamoja na pilipili, ndimu na padaek, mchuzi wa samaki waliochachushwa. Kuna pia jeow, chachandu ya pilipili zilizochomwa, ambayo pamoja na tonge hutosha kuwa mlo wa mtu asiye na kitu kingine.

Katika mji wa Luang Prabang, Laos, watawa wa Kibudha hupita barabarani alfajiri kwa mstari, miguu mitupu, kila mmoja na bakuli lake. Watu waliopiga magoti kando ya njia humtilia kila mtawa kidonge cha wali wa moto. Sadaka ya namna hiyo ingekuwa shida kwa wali unaochambuka.

Nje ya ukanda huo, mchele unaonata haubebi mlo wa kila siku. Katika sehemu kubwa ya China, Vietnam, Japani, Korea na visiwa vya Malay, watu hula wali wa kawaida na kuuweka huu kwa sikukuu, vitafunio na vyakula vitamu. Huko ndiko kunata kulikopata maana.

Vietnam, mwaka mpya wa Tết haukamiliki bila bánh chưng. Mchele huo hupangwa ndani ya majani ya dong, katikati huwekwa choroko zilizokobolewa na nyama ya nguruwe, kisha kifurushi hukunjwa mraba, hufungwa kwa kamba za mianzi, na huchemshwa saa kumi au zaidi. Hapa kuchemsha hakuharibu, maana majani yamebana: punje hazina nafasi ya kutawanyika, zinashikana mpaka zikawa kitu kimoja kinachokatwa vipande, chenye rangi ya kijani kutoka kwenye majani. Familia hukesha pembeni mwa moto zikiongeza maji. Kusini hutengenezwa bánh tét, ya duara ndefu, katika majani ya mgomba. Ngano ya Kivietnam husema kwamba mmoja wa wafalme wa Hùng aliwapa wanawe mtihani wa kuleta chakula bora kabisa. Mwana maskini, Lang Liêu, alileta mkate wa mraba mfano wa ardhi na wa mviringo mfano wa mbingu, vyote vya mchele, akarithi ufalme.

Wachina nao hufunga mchele huu katika majani ya mianzi au ya matete kwa pembe tatu au nne, na kuuita zongzi. Huliwa siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao, sikukuu ya mashua za joka, inayohusishwa na Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola ya Chu aliyejizamisha mtoni Miluo yapata mwaka 278 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba watu walitupa wali majini ili samaki wasimle. Kaskazini zongzi huwa tamu, zenye kunazi za Kichina ndani. Kusini huwa za nyama na kiini cha yai lililotiwa chumvi, na mabishano ya ipi ndiyo zongzi hasa hurudi kila mwaka. Sikukuu ya mwaka mpya huleta nian gao, keki ya unga wa mchele huu, ambayo jina lake likitamkwa husikika kama kusema mwaka na mwaka kupanda juu. Siku chache kabla yake, mungu wa jikoni huaminika kupanda mbinguni kutoa ripoti ya tabia za wenye nyumba. Wenye nyumba, kwa tahadhari, humpa vitamu vinavyonata ili mdomo wake ama uwe mtamu ama usifunguke.

Korea wana hesabu kama hiyo. Kwa Kikorea kitenzi cha kunata ndicho kinachotumika pia kwa kufaulu mtihani. Unapokaribia mtihani wa kuingia chuo kikuu, mwezi Novemba, watahiniwa hupewa zawadi ya chapssaltteok, mikate laini ya mchele unaonata. Wakati huohuo supu ya mwani, ambayo huteleza, huepukwa.

Wajapani huutwanga. Mchele uliopikwa kwa mvuke humiminwa ungali moto katika usu, kinu kifupi na kipana cha mbao au jiwe, na hupigwa kwa kine, mchi wenye mpini kama nyundo. Kazi ni ya watu wawili: mmoja anapiga, mwenzake anaingiza mkono uliolowa maji na kuugeuza wali kati ya pigo na pigo. Waliozoea kupokezana michi wanajua kwamba kazi hiyo haifanyiki bila mdundo, na mdundo ukikosewa mtu huvunjika vidole. Baada ya muda punje hupotea kabisa na kubaki donge moja linalovutika, mochi. Mwaka mpya, madonge mawili ya duara, dogo juu ya kubwa, hupangwa kuwa kagami mochi na kuwekwa kama sadaka nyumbani. Mara nyingi tarehe 11 Januari huvunjwa na kuliwa, na huvunjwa kwa nyundo au mkono, kwa kuwa kisu kina nuksi. Mochi ina hatari yake halisi pia: hukwama kooni. Kila mwaka wazee hufa kwa kukabwa nayo, na Idara ya Zimamoto ya Tokyo hutoa tahadhari kwamba ikatwe vipande vidogo na itafunwe taratibu.

Msomaji wa pwani atajisikia nyumbani zaidi katika visiwa na rasi za Malay, kwa sababu huko mchele unaonata, uitwao pulut au ketan, umefunga ndoa na nazi. Lemang hupikwa ndani ya mianzi: pande la mwanzi hutandikwa jani la mgomba, hujazwa mchele, tui na chumvi, kisha husimamishwa kando ya moto na kuzungushwa kwa saa kadhaa. Ni chakula cha Idi, huliwa na rendang, nyama iliyokaushwa kwa tui na viungo. Pulut kuning, uliotiwa manjano, hutolewa harusini na mtoto anapokhitimu Qur'ani. Java kuna lemper, silinda ndogo yenye kuku ndani, na Ufilipino kuna suman, iliyofungwa kwa majani ya mgomba au ya mnazi. Thailand hutumia tui kwa njia nyingine: wali ulioiva kwa mvuke ndio unaomwagiwa tui zito lililochemshwa na sukari na chumvi, hufunikwa mpaka ulinywe lote, kisha huandaliwa na embe bivu. Chumvi hiyo isiachwe. Bila yake utamu hukinaisha upesi.

Mchele huu huchachuka vizuri pia, kwa kuwa vimeng'enya huyavunja matawi ya amilopektini kwa urahisi na kuyageuza sukari. Indonesia hutengeneza tape ketan, wali uliochachushwa kwa hamira ya kienyeji, mtamu na mchachu, wenye kileo kidogo. Mvinyo wa Shaoxing wa China hutokana nao, na mirin ya Wajapani vilevile.

Matumizi yake yasiyotarajiwa kabisa yalikuwa ya waashi. Yapata miaka 1,500 iliyopita, mafundi wa China walianza kuchanganya uji wa mchele unaonata na chokaa kutengeneza udongo wa kujengea. Mwaka 2010 timu ya Zhang Bingjian wa Chuo Kikuu cha Zhejiang ilieleza sababu ya uimara wake: amilopektini huzuia fuwele za chokaa zisikue kubwa, nazo zikiwa ndogo na zimeshonana, udongo hukaza zaidi. Sehemu za ukuta wa mji wa Nanjing, wa enzi ya Ming, zilijengwa kwa mchanganyiko huo, na bado zimesimama.

Kwa upande wa afya, wanga wa mchele huu humeng'enywa haraka na kupandisha sukari ya damu upesi, jambo ambalo mwenye kisukari hana budi kulijua. Laos ina tatizo lake jingine. Mchele uliokobolewa hadi weupe, ukaloweshwa usiku kucha, na maji yake yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya vitamini B1. Mama aliyejifungua hivi karibuni na ambaye kwa mila hukatazwa vyakula vingi, akila wali huo karibu peke yake, maziwa yake hupungukiwa na vitamini hiyo, na mtoto mchanga huweza kupata beriberi, maradhi ya moyo yanayoua kwa siku chache lakini hutibika kwa sindano ya B1.

Kinachobaki kikapuni jioni hakitupwi. Wali uliopoa hubonyezwa kuwa kitumbua bapa, huchomwa juu ya mkaa, hupakwa yai lililopigwa na kurudishwa motoni: hiyo ni khao jee, inayouzwa asubuhi kando ya barabara. Au hutengenezwa visahani vyembamba, huanikwa juani mpaka vikakauka kama vigae, kisha hukaangwa katika mafuta mengi, vikavimba na kuwa vyeupe, tayari kumwagiwa nyuzi za sukari ya miwa.